Diski za breki zimechakaa: ukereze au ubadilishe? Dalili, vyanzo na vipimo vya kuamulia

Diski mbili zinaweza kufanana kabisa kwa macho, moja ikakerezwa na kurudi barabarani, nyingine ikaishia kwenye vyuma chakavu. Kinachozitenganisha ni milimita moja, pengine nusu yake. Kwa hiyo anayeangalia diski kwa jicho tu na kutangaza "hii bado" au "hii imekwisha" anabahatisha, hata awe fundi wa miaka mingi.

Lipo na swali linalotangulia hilo: nini kiliiharibu? Diski mpya ikifungwa juu ya habu (kitovu cha gurudumu) yenye kutu, au ikiachiwa kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) iliyokwama, dalili zitarudi zilezile na lawama itaangukia diski. Tafuta chanzo, kisha pima, ndipo uchague kukereza (wengine husema kuchonga au kupiga skimu) au kununua mpya. Mara nyingine jibu ni kutofanya lolote kati ya hayo mawili.

Usiendeshe kabisa ikiwa

Pedali inazama hadi sakafuni, chuma kinasaga chuma, diski ina ufa unaofika ukingoni, au mafuta ya breki yanavuja gurudumuni. Hapo gari livutwe hadi kwa fundi. Hata mwendo wa "polepole hadi gereji" hauna maana kama huwezi kusimama.

Ukifanya kazi mwenyewe: egesha mahali tambarare na pagumu, weka kabari kwenye magurudumu yaliyobaki chini, na gari likae juu ya stendi, jeki peke yake si ya kuaminiwa. Acha diski ipoe. Vumbi la breki lisipulizwe kwa hewa wala kwa mdomo, kwa sababu pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lifute kwa tambara bichi.

## Kipimo kinachoamua

Sugua ukingo wa diski, au kofia yake (sehemu ya katikati iliyoinuka), kwa brashi ya waya na utafute maandishi MIN TH yanayofuatwa na namba. Huo ndio unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Kwa baadhi ya magari, kitabu cha ufundi hutoa namba mbili: moja ya mwisho wa kukereza, nyingine ya kutupa. Ya kukereza huwa kubwa zaidi, na ndiyo inayokuhusu unapopeleka diski kwenye kerezo. Maandishi yakiwa yamefutika, tafuta namba kwenye kitabu cha gari hilohilo. Usikopi kutoka kwa gari "linalofanana": modeli moja yenye injini mbili tofauti inaweza kuwa na diski za unene tofauti.

Pima kwa maikromita (kifaa cha kupimia unene mdogo) sehemu 8 kuzunguka diski, zote zikiwa umbali uleule wa milimita 10 hadi 15 kutoka ukingo wa nje. Andika namba zote. Namba ndogo kuliko zote ndiyo unene wa diski yako. Wastani hauna kazi hapa.

Venia ya kawaida (kipimio chenye midomo miwili ya kubana) hudanganya. Midomo yake hukaa juu ya ule mdomo wa kutu ulioinuka pembezoni, mahali ambapo pedi haifiki, nawe ukaamini diski ni nene. Kama huna maikromita, weka washa bapa (kipete cha chuma kinachowekwa chini ya nati) upande mmoja wa diski na nyingine ya unene uleule upande wa pili, chini ya mdomo huo, pima vyote pamoja, kisha toa unene wa washa hizo mbili.

Sasa hesabu. Chukua unene mdogo kabisa, toa kina cha mtaro uliochimbika kuliko yote kwa kila upande, kisha toa takriban 0.1 mm ya kusafisha uso. Tuseme diski ilikuwa 22 mm ikiwa mpya na imeandikwa MIN TH 20:

- Imebaki 21.3 mm, mitaro 0.2 mm kila upande. 21.3 − 0.4 − 0.1 = 20.8 mm. Inafaa kukerezwa.
- Imebaki 20.8 mm, mitaro 0.3 mm kila upande. 20.8 − 0.6 − 0.1 = 20.1 mm. Haijavuka mpaka, lakini 0.1 mm iliyobaki italiwa mapema na pedi mpya, kabla hizo pedi hazijafika nusu. Badilisha.

Kanuni nzuri ya karakana ni kuhakikisha panabaki angalau nusu milimita juu ya kikomo baada ya kukereza. Chini ya hapo unalipia kazi mbili kwa diski moja. Diski nyembamba hubeba joto dogo kabla ya kuzidiwa, mafuta ya breki yanaweza kuchemka kwenye mteremko mrefu, na pistoni ya kalipa hulazimika kutoka nje zaidi ya ilivyokusudiwa pedi zikikaribia kwisha. Kikomo hakikuwekwa kwa ajili ya kuuza spea.

Na kama hesabu ni nzuri, mitaro ni ya kuguswa tu na ukucha bila kuukwamisha, na gari halitetemeki? Weka pedi mpya, zizoeshe, iache diski. Kukereza kila unapobadilisha pedi ni kutupa chuma kizuri.

## Dalili: usukani unatetemeka unapokanyaga breki

Hii ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote, kwa kawaida kwenye mwendo wa kasi, na husababishwa na magurudumu ya mbele. Kwanza itenge: kama usukani hutetemeka hata bila breki, anza na balansi ya matairi.

Utaambiwa "diski imepinda". Ni nadra. Mara nyingi diski imenyooka ila unene wake haulingani pande zote za mzunguko, na tofauti ya takriban 0.02 mm inaweza kutosha kuisikia mkononi. Tofauti hiyo hutokana na haya, kwa mpangilio wa yanayotokea zaidi:

Nati zilizokazwa vibaya. Mashine ya hewa ikikaza nati moja kupita kiasi na nyingine ikaachwa, diski hukaa upande. Inayumba kidogo, inaigusa pedi mara moja kila mzunguko hata kama hukanyagi breki, na pale inapogusa inalika. Ndiyo maana mtetemo hauji siku tairi zinapofungwa. Huja baada ya maelfu ya kilomita, na hakuna anayekumbuka tena nani alikaza nini. Legeza nati, kaza kwa mpangilio wa nyota, malizia kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza). Magari mengi madogo huhitaji kati ya Nyutoni mita 90 na 130, lakini fuata namba ya gari lako.

Kutu au uchafu kati ya habu na diski. Ganda dogo la kutu karibu na katikati huwa kosa kubwa zaidi kadiri unavyokwenda ukingoni. Toa diski, safisha uso wa habu hadi chuma king'ae, hasa kuzunguka kila stadi (bolti inayobeba nati ya gurudumu), na safisha pia ndani ya kofia ya diski. Dakika kumi za brashi ya waya hapa huokoa diski nyingi kuliko kerezo lolote.

Alama ya pedi iliyoganda. Ukishuka mlima kwa breki nzito kisha ukasimama na kuendelea kukanyaga, pedi ya moto huacha sehemu ya mwili wake juu ya diski. Utaona kivuli chenye umbo la pedi. Jaribu kuzoesha breki upya kama ilivyoelezwa mwishoni. Isipotoka, sugua uso kwa msasa wa namba 120 hadi 150. Ukerezaji ni hatua ya baada ya hapo.

Bushi, boljointi au tairodi (viungo vya gurudumu na usukani) zilizochoka. Hazianzishi mtetemo, ila huukuza. Diski ambayo gari lingine lingeivumilia hutikisa usukani mzima.

Kwa uchunguzi wa ndani zaidi, funga diski kwenye habu kwa nati zenye washa bapa, zote kwa torki moja. Funga geji yenye akrabu (kipimio cha mshale kinachoonyesha kuyumba) kwenye nako (kipande kinachobeba habu), ncha yake iguse diski kama milimita 10 kutoka ukingoni, kisha zungusha taratibu. Kuyumba kwa zaidi ya 0.05 mm ni kwingi kwa magari mengi, ingawa watengenezaji wengine huruhusu hadi 0.10 mm. Ikizidi, chomoa diski, igeuze stadi moja mbele, funga na upime tena. Wakati mwingine kosa la habu na la diski hufutana. Rudia kwa kila nafasi na uweke alama ya chaki kwenye iliyo bora.

Ikiwa hakuna nafasi inayosaidia, toa diski upime uso wa habu wenyewe. Habu ikiyumba, simama hapo: ni kazi ya habu au beringi, na inahitaji fundi mwenye presi. Kuweka diski mpya juu ya habu hiyo ni kununua mtetemo mwingine.

Unene haulingani lakini hesabu bado inaruhusu? Kereza, na ukipata karakana yenye mashine inayokata diski ikiwa imefungwa kwenye gari lenyewe, ichague hiyo, kwa sababu hukata kwa kufuata habu yako.

## Dalili: pedali inadunda, usukani umetulia

Elekea nyuma. Mahali peupe pasipo magari, kwenye mwendo wa kilomita 30 hivi kwa saa, vuta breki ya mkono ya waya kidogo kidogo huku kidole kikibonyeza kitufe cha kuiachia. Ikidunda, chanzo kiko nyuma. Usijaribu hivi kwenye breki ya mkono ya umeme. Angalia pia kama gari lako lina diski au ngoma huko nyuma. Na yapo yenye diski ambayo breki yake ya mkono ni ngoma ndogo ndani ya kofia ya diski, hivyo jaribio hili linaipima ngoma hiyo, si diski.

Mdundo wa haraka mno wenye mlio wa kukwaruza, unapokanyaga kwa nguvu kwenye utelezi, ni ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga) ikifanya kazi yake. ABS ikiamka kwenye lami kavu gari likikaribia kusimama, kagua sensa na pete yake. Diski iache.

Pedali ikizama sana mara ya kwanza lakini mkanyago wa pili ukawa mzuri, pistoni zimesukumwa nyuma na diski inayoyumba au beringi iliyolegea. Inua gurudumu, lishike juu na chini, tikisa. Likicheza, ni beringi au boljointi, na gari lisiende safari kabla ya kutengenezwa. Pedali laini kama sponji ni hewa kwenye mfumo. Hakuna diski itakayotibu hiyo.

## Dalili: milio

Mlio mwembamba unaokoma au kubadilika ukikanyaga breki mara nyingi ni kile kibati cha pedi kinachotoa onyo kwamba imekwisha. Pedi iliyobaki 3 mm au pungufu, bila kuhesabu bati la nyuma, ibadilishwe. Ukiitikia mlio huu mapema, diski hupona.

Mkwaruzo uliozuka ghafla baada ya njia ya changarawe: tafuta kijiwe kati ya diski na bati la kukinga nyuma yake, au bati lenyewe limepinda na kugusa. Lisukume kwa mkono, zungusha gurudumu, imekwisha.

Pedi mpya zinazolia huku diski ikiwa laini ni suala la vibati vya kuzuia mlio vilivyosahauliwa, au mdomo wa kutu wa diski unaogusa ukingo wa pedi. Mdomo huo kwenye diski yenye unene wa kutosha huondolewa kwa kukereza.

Kusaga kizito, kama jiwe la kinu, ni bati la pedi likila diski. Mitaro yake huwa ya kina hivi kwamba hesabu ya juu karibu kila mara husema badilisha.

## Dalili: upande mmoja umelika, au gurudumu moja linachemka

Linganisha pedi ya ndani na ya nje. Kwenye kalipa yenye pistoni upande mmoja, pedi ya ndani ikiisha mapema, sababu ya kwanza ni pini za kalipa kukauka au kushika kutu. Ya pili ni pistoni isiyorudi. Pini zitoke, zisafishwe, zipakwe grisi ya silikoni ya breki, na kila pini irudi kwenye tundu lake, maana nyingine hazifanani. Mpira wa vumbi uliochanika ubadilishwe, la sivyo maji yatarudi.

Gurudumu lisipoachia, lizungushe kwa mkono likiwa juu huku mwenzako akilegeza nipeli ya kutolea hewa, mrija ukiwa ndani ya chupa. Likiachia mara moja, mafuta yalikuwa yamefungiwa: mpira wa breki (bomba la mpira linaloleta mafuta) umeziba kwa ndani, au masta ya breki (pampu inayosukumwa na pedali) hairudishi. Likibaki gumu, kalipa yenyewe imekwama. Kaza nipeli, hakikisha hakuna hewa iliyoingia, jaza mafuta. Masta na kitengo cha ABS ni vya fundi, usivifungue nyumbani.

Gari kuvuta upande mmoja likifunga breki hutoka kwenye mambo hayahaya, au mafuta yaliyomwagikia pedi. Pedi iliyolowa mafuta haioshwi, hutupwa, pamoja na mwenzake wa upande wa pili.

## Dalili: madoa ya bluu na nyufa

Hapa kerezo halisaidii, na watu hubisha sana. Joto kali hubadilisha chuma cha diski sehemu hizo kikawa kigumu kuliko kinachokizunguka, na ugumu huo huingia ndani. Ukikereza, doa hupotea machoni tu. Baada ya muda chuma laini kinalika, doa linabaki juu kama kichuguu, na mtetemo unarudi. Badilisha, na ukague kwa nini ilichemka.

Nyufa nyembamba sana kama nywele, zilizotawanyika usoni, zinavumiliwa na baadhi ya watengenezaji. Ufa unaofika ukingo wa nje, unaoanzia kofia, au unaoukwamisha ukucha, hauna mjadala.

## Dalili: kutu

Kutu ya rangi ya chungwa baada ya mvua au kuosha gari huondoka kwa kukanyaga breki mara chache. Kutu iliyochimba vishimo inataka kipimo: kina chake kihesabu kama mtaro. Ukanda mzima wenye kutu kwenye diski inayotumika kila siku, hasa ya nyuma, unasema pedi haifiki hapo. Rudi kwenye pini na pistoni kabla ya kununua chochote.

Kwa diski yenye matundu ya hewa, mulika ndani kwa tochi. Kutu ikiwa imekula kuta zinazounganisha nyuso mbili, ibadilishwe hata kama unene unapita. Maikromita haioni huko ndani.

## Ukikereza

Diski zote mbili za ekseli moja, na pande zote mbili za kila diski. Diski za kauri ya kaboni hazikerezwi, na zile zenye vitobo au mikato usoni ziache isipokuwa mtengenezaji ameruhusu. Mwambie fundi wa kerezo kikomo chako kabla hajaanza, na umtake apitishe mkato wa mwisho mwembamba na wa taratibu. Mkato wa haraka huacha mistari kama ya santuri inayozisukuma pedi pembeni na kupiga kelele. Baada ya hapo uso usuguliwe kwa msasa wa 120 hadi 150 kwa mzunguko, kisha uoshwe kwa maji ya moto na sabuni hadi tambara jeupe libaki jeupe. Vumbi la chuma likibaki humo huishia kwenye pedi. Kausha mara moja. Pima tena unene ukiwa palepale karakana.

## Ukibadilisha

Nunua jozi, pamoja na pedi mpya. Skrubu ya diski iliyoganda hutolewa kwa bisibisi ya kugongwa. Diski nyingi pia zina matundu mawili yenye nyuzi ambayo ukikaza bolti humo diski inasukumwa itoke. Kalipa ining'inizwe kwa waya, isiachwe ikining'inia kwenye mpira wake. Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu: isafishe kwa dawa ya kusafishia breki. Ukirudisha pistoni, angalia chupa ya mafuta ya breki isifurike, kwa kuwa mafuta hayo hula rangi.

Kabla ya kuwasha gari, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu. Ukisahau, mkanyago wa kwanza hautashika chochote.

Kisha, mahali salama, zoesha: punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 15 kwa saa, kwa nguvu ya wastani, mara 8 hadi 10, bila kusimama kabisa na kwa nafasi ya kupoa katikati. Mwishoni endesha dakika chache bila breki. Ukilazimika kusimama diski zikiwa moto, usiendelee kukanyaga. Baada ya kilomita 50 hadi 100, rudia kukaza nati za magurudumu kwa torki.